Nani Afanye Nini Kwenye Mradi wa ERP? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wakurugenzi, wahasibu, watunza stoo na watu wa TEHAMA ambao taasisi zao zinajiandaa kufunga mfumo wa ERP, au zimeshaufunga na sasa zinatupiana lawama. Anayejibu amekaa pande zote mbili za meza, kwanza kama mshauri anayekodiwa kuufunga mfumo na baadaye kama mteja. Penye msimamo wangu nimeusema wazi.

## ERP ni nini hasa, na kwa nini wadau wake ni wengi hivyo?

Kirefu chake ni Enterprise Resource Planning, yaani upangaji wa rasilimali za taasisi. Ni mfumo mmoja wa kompyuta unaobeba shughuli za taasisi nzima: manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo, mishahara na hesabu. Mizizi yake iko kwenye programu za viwandani za miaka ya 1960, zilizokokotoa malighafi gani inahitajika, kiasi gani na lini. Jina la ERP lilitoka kwa kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, wakati programu hizo zilikuwa zimeshavuka ukuta wa kiwanda na kuingia kwenye uhasibu na rasilimali watu.

Tofauti yake na programu za kawaida ni kwamba taarifa huingizwa mara moja tu, kisha kila idara inaitumia hiyo hiyo. Mtunza stoo akipokea mapipa 40 ya rangi na kuthibitisha kwenye skrini, papo hapo thamani ya stoo inapanda, agizo la ununuzi linafungwa na deni la mgavi linasubiri ankara. Hajawahi kusoma uhasibu, lakini ameshapitisha ingizo la kihasibu. Akikosea kipimo, akaandika lita mahali pa mapipa, kosa halitabaki stoo. Litatembea hadi kwenye mizania, na mhasibu atakesha akilitafuta.

Kwa hiyo yeyote anayegusa bidhaa, fedha au mtu ndani ya taasisi ni mdau, apende asipende.

## Je, huu si mradi wa idara ya TEHAMA?

Hapana. Ni mradi wa wanaoendesha shughuli, na TEHAMA wanausaidia. Nikialikwa kwenye kikao cha kwanza nikakuta mkuu wa TEHAMA ndiye mwenyeji, na wakuu wa idara nyingine wametuma wasaidizi "wakaandike wanachosikia", najua mradi umeshapinda kabla haujaanza. Maswali magumu ya ERP si ya kompyuta. Nani aidhinishe ununuzi? Bei ya mteja ibadilishwe na nani? Mzigo uliorudishwa uhesabiwe wa nani? Hakuna fundi wa seva mwenye mamlaka ya kuyajibu, na akiyajibu kwa kubahatisha, kila mtu atamlaumu baadaye kwa jambo ambalo halikuwa lake.

## Mdhamini wa mradi ni nani, na kazi yake ni ipi zaidi ya kusaini malipo?

Ni kiongozi mmoja, mwenye jina, anayeweza kuamua ugomvi kati ya idara mbili na uamuzi ukasimama. Mara nyingi ni mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa fedha au mkurugenzi wa uendeshaji. Ninasisitiza "mmoja" kwa sababu taasisi hupenda kuandika "menejimenti" kwenye nafasi hiyo. Menejimenti haipokei simu saa tatu usiku.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Fedha wanataka mzigo usipokelewe bila agizo la ununuzi lililoidhinishwa. Stoo wanasema lori likishafika getini haliwezi kusubiri saini ya mtu aliye likizo. Wote wawili wana hoja. Mshauri hawezi kuamua, meneja wa mradi hawezi kuamua, na mfumo lazima uwekwe njia moja. Mdhamini asipoamua ndani ya siku chache, mafundi wataweka zote mbili kwa kuwasha na kuzima kitufe, na udhibiti wa ndani utakuwa umekufa pale pale.

Kazi yake ya pili ni kuwatoa watu kwenye idara zao, jambo ambalo hakuna mkuu wa idara atalifanya kwa hiari. Ya tatu ni kuonekana. Wafanyakazi hupima uzito wa mradi kwa kuangalia kama bosi mwenyewe anautumia mfumo au bado anaomba ripoti iliyochapwa kwenye Excel.

Ukitaka kuona nafasi hii ikiwa tupu inaleta nini, soma habari za mfumo wa mishahara wa idara ya afya ya jimbo la Queensland, Australia. Mkataba wa awali ulikuwa wa takriban dola milioni 6 za Australia. Mfumo ulipowashwa Machi 2010, maelfu ya watumishi walilipwa pungufu, walizidishiwa au hawakulipwa kabisa, na gharama nzima ya kuurekebisha na kuuendesha ikakadiriwa kufika dola bilioni 1.2 za nchi hiyo. Mkaguzi Mkuu wa jimbo alieleza kwamba mgawanyo wa majukumu kati ya idara ya afya, wakala wa huduma za pamoja wa serikali na mkandarasi mkuu haukuwa wazi. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba uamuzi mgumu ni wa mwenzake.

## Mdhamini akihamishwa katikati ya mradi?

Makabidhiano yafanyike kwa maandishi, na maamuzi yote yaliyokwisha kufanywa yaorodheshwe pamoja na sababu zake. Mdhamini mpya huwa na hamu ya kufungua upya kila kitu. Jeshi la Anga la Marekani lilifuta mradi wake wa ERP wa ugavi mwaka 2012 baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 1, na uchunguzi wa Seneti ulitaja, miongoni mwa sababu nyingine, kwamba mradi ulipitia mameneja sita ndani ya miaka minane. Hakuna aliyekaa muda wa kutosha kuona matokeo ya uamuzi wake.

## Kamati ya uongozi wa mradi iwe na watu wangapi?

Watano hadi saba. Zaidi ya hapo, manahodha wengi chombo huenda mrama. Wawemo mdhamini, wakuu wa idara zinazoguswa zaidi, na mwakilishi wa mshauri asiye na kura. Wakutane kila wiki mbili, na kila wiki miezi miwili ya mwisho. Kikao kinachomalizika bila uamuzi hata mmoja kilikuwa cha kunywa chai.

## Meneja wa mradi awe wa kwetu au wa mshauri elekezi?

Wawepo wawili. Wa mshauri anasimamia watu wake na ratiba ya kiufundi. Wa kwenu anasimamia watu wenu, maamuzi yenu na data yenu, na ndiye anayejua kwamba wiki ya mwisho ya mwezi hakuna mhasibu atakayeinua kichwa. Taasisi inayobana matumizi kwa kumwachia mshauri kazi zote mbili huishia na ripoti nzuri za maendeleo zenye rangi ya kijani hadi wiki ya mwisho, ambapo ghafla kila kitu kinageuka chekundu.

Huyu wa kwenu asiwe mtu anayeifanya kazi hii kwa saa zake za ziada. Ni ajira kamili.

## "Mwenye mchakato" ni nani? Si ndiye mkuu wa idara?

Siyo lazima, na hapa ndipo miradi mingi inapochanika.

Mchakato hauheshimu mipaka ya idara. Chukua safari ya ununuzi: ombi linaanzia karakana, linapita manunuzi, mzigo unapokelewa stoo, ankara inafika fedha, malipo yanatoka benki. Idara nne au tano. Ukimuuliza kila mkuu wa idara, kipande chake kiko sawa. Ukiuliza kwa nini ankara zinakaa miezi miwili bila kulipwa, hakuna mwenye jibu, kwa sababu hakuna mwenye safari nzima. Mwenye mchakato ni mtu aliyepewa safari hiyo yote, kuanzia ombi hadi malipo, akiwa na mamlaka ya kusema itakuwaje ndani ya mfumo mpya.

Kwa kawaida safari kubwa ni chache: kununua hadi kulipa, kuagizwa na mteja hadi kupokea fedha, kupanga hadi kuzalisha, kuajiri hadi kustaafu, na ufungaji wa hesabu. Kila moja ipewe mtu mmoja. Pamoja nazo kuna mali za pamoja ambazo husahaulika: orodha ya akaunti, orodha ya bidhaa, orodha ya wateja na wagavi. Nazo zinahitaji mwenyewe. Nimewahi kukaa kwenye mradi uliosimama wiki tatu nzima kwa swali moja tu, kama msimbo wa bidhaa uwe na herufi au tarakimu tupu. Swali lenyewe lingemalizwa mchana mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kulimaliza.

Mwenye mchakato ndiye pia anayejibu swali ghali kuliko yote: tubadilishe utaratibu wetu ufuate mfumo, au tubadilishe mfumo ufuate utaratibu wetu? Lidl, kampuni ya maduka makubwa ya Ujerumani, ilianza kujenga mfumo wake mpya juu ya programu ya SAP mwaka 2011. Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, wakati programu ya kawaida ilitumia bei ya kuuzia. Ikaamuliwa programu ndiyo ibadilishwe. Mwaka 2018 mradi ulifutwa, na vyombo vya habari vilitaja takriban yuro milioni 500 zilizokwisha kutumika. Bei hiyo ya kuthamini haikuwa sababu pekee, lakini ni mfano unaofundisha: mazoea ya ndani yalionekana ya lazima kiasi kwamba programu iliyokwisha kujaribiwa na maelfu ya kampuni ndiyo iliyotakiwa kujikunja.

Kanuni yangu ni hii. Anayetaka programu ibadilishwe aandike ukurasa mmoja akionyesha sheria inayolazimisha, au mteja atakayepotea, au fedha itakayopotea. "Tumezoea hivi" si mojawapo. Nusu ya maombi huwa yanatoweka kabla ukurasa haujajaa.

## Watumiaji wakuu tuwachague vipi?

Hawa ni wafanyakazi wa idara wanaoingia kwenye timu ya mradi. Chagua wale ambao idara zao hazitaki kuwaachia. Kama mkuu wa idara amekupa mtu kwa furaha, uliza tena.

Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao, walifanya hivyo. Mfumo wao wa zamani ulizimika Januari 1994 na kuisimamisha kampuni kwa siku mbili. Wakaamua kubadilisha mfumo mzima kwa programu ya Oracle, wakatenga dola milioni 15, na Januari 1995 mfumo mpya ukawaka, baada ya kazi ya takriban miezi tisa. Watu walioingizwa kwenye timu walikuwa ndio wale ambao idara zilisema haziwezi kuishi bila wao. Hata hivyo mambo hayakwenda laini: wiki za mwanzo mfumo ulikuwa ukianguka karibu kila siku. Kilichowaokoa ni kwamba waliokuwa wakihangaika nao walikuwa na uzito ndani ya kampuni, na uongozi ulikuwa nyuma yao.

Mtumiaji mkuu hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Anaeleza kazi inavyofanyika kweli, si inavyoandikwa kwenye mwongozo. Anajaribu mfumo kwa visa halisi, vikiwemo vile vya ajabu: mteja aliyelipa mara mbili, mzigo uliofika nusu, mfanyakazi aliyefariki katikati ya mwezi. Baadaye anawafundisha wenzake, na baada ya mfumo kuwaka ndiye mtu wa kwanza kuulizwa.

Usimwambie afanye haya "kwa nusu ya muda wake". Nusu ya muda haipo. Kuna kazi yake ya zamani yote, na juu yake mradi. Mwajirie mtu wa kushika nafasi yake kwa miezi hiyo, na liweke jambo hilo kwenye bajeti toka mwanzo, pale pale penye leseni na seva.

## Na wafanyakazi wa kawaida, tuwashirikishe lini?

Mapema kwa taarifa, mwishoni kwa mafunzo. Watu huchanganya mambo haya mawili. Taarifa za nini kinakuja, kazi gani itabadilika na nani atapoteza nini, zianze mradi unapoanza, kwa sababu zisipotoka juu zitatoka vibarazani zikiwa zimeongezwa chumvi. Mafunzo ya kubofya yafanyike wiki tatu au nne kabla ya kuwasha. Ukifundisha miezi minne kabla, watakuwa wamesahau, na skrini zenyewe zitakuwa zimebadilika.

Asiyekuwepo na lake halipo: dereva, mpokea mizigo, msimamizi wa zamu ya usiku. Wao hawaji vikaoni, lakini bila wao mfumo haupati taarifa. Tuma mtu akakae nao zamu moja. Utagundua, kwa mfano, kwamba mpokea mizigo huvaa glovu na kioo cha kugusa hakimsikii.

## Mshauri elekezi anawajibika kwa nini, na si kwa nini?

Anawajibika kuijua programu, kuisanidi kama mlivyoamua, kuwaonya mnapotaka kujichimbia shimo, na kuwaachia ujuzi. Haamui biashara yenu iendeshwe vipi. Wengi humpokea kwa matumaini ya mgeni njoo mwenyeji apone, wakimwachia hadi uandishi wa mahitaji yao. Mahitaji yaliyoandikwa na anayeuza suluhisho hufanana sana na suluhisho lake.

Muuzaji wa programu ni mdau tofauti tena. Yeye anajibu kuhusu leseni, hitilafu za programu yenyewe na matoleo mapya. Kama muuzaji na mshauri ni kampuni mbili, mkataba useme wazi nani anaanza kupigiwa simu kitu kikikwama, la sivyo kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole huku ninyi mkiandika ankara kwa mkono.

Kitu kimoja cha kudai: majina ya watu watakaokuja kufanya kazi, si wale waliokuja kunadi. Walionadi huwa hawaonekani tena.

## Nani asafishe data?

Idara yenye data. Manunuzi wasafishe wagavi, mauzo wasafishe wateja, stoo wahesabu stoo, rasilimali watu wahakiki watumishi, fedha wathibitishe salio la kuanzia. TEHAMA na mshauri wanaandika programu ya kuhamisha, wanaendesha majaribio ya kuhamisha, na wanaonyesha mistari iliyokataliwa.

Mgavi mmoja akiwa na majina matatu kwenye mfumo wa zamani, ni mtu wa manunuzi pekee anayejua kwamba hao ni mtu mmoja aliyebadilisha usajili. Kompyuta haijui. Anzeni kazi hii mwezi wa kwanza. Sijawahi kuona mradi uliolalamika kwamba ulisafisha data mapema mno.

## Idara ya TEHAMA inabaki na nini basi?

Mengi: mtandao, usalama, haki za watumiaji, nakala rudufu, viunganishi vya benki na mifumo mingine, mazingira ya majaribio, vifaa vya mezani. Hata kama programu inakaa kwenye wingu, viunganishi na haki za watumiaji havihamii kwa muuzaji. Pia TEHAMA wajifunze kuisanidi wenyewe, maana mshauri ataondoka.

## Mkaguzi wa ndani aingie lini?

Wakati wa kusanifu, si baada ya kuwasha. Kazi yake ni mgawanyo wa majukumu: anayeandikisha mgavi asiwe anayeidhinisha malipo yake, na anayebadilisha akaunti ya benki ya mfanyakazi asiwe anayeendesha mishahara. Mambo haya yakiwekwa mwanzoni ni mpangilio tu wa haki za watumiaji. Yakigunduliwa mwaka mmoja baadaye ni ripoti ya ukaguzi, na pengine polisi.

Aangalie pia ulinganisho wa benki, yaani kulinganisha hesabu za taasisi na taarifa za benki. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, iliwasha mfumo wake wa Oracle Aprili 2022. Baadhi ya marekebisho yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yao, hasa ya ulinganisho wa benki, hayakufanya kazi ipasavyo, na watumishi wakalazimika kupanga miamala kwa mkono. Bajeti iliyoanza kwenye pauni milioni 19 ikapita makadirio ya milioni 100. Septemba 2023 halmashauri ilipotangaza rasmi kwamba fedha zake hazitoshelezi, sababu kubwa ilikuwa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi, lakini mfumo huu nao ulitajwa.

Mkaguzi abaki mtazamaji mwenye sauti. Akianza kuidhinisha usanifu, atakagua kazi yake mwenyewe.

## Nani ana neno la mwisho la kuwasha mfumo?

Mdhamini, baada ya kila mwenye mchakato kusema kwa maandishi "niko tayari" au "siko tayari, kwa sababu hii". Mshauri hatoi neno la mwisho, kwa kuwa malipo yake mara nyingi yamefungwa kwenye tarehe hiyo. TEHAMA pia hapana, maana seva inaweza kuwa tayari na stoo haijahesabiwa.

Tarehe ni uamuzi wa biashara. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliukimbiza mradi wa dola milioni 112 na kuwasha Julai 1999, msimu ambao maduka yanaanza kuagiza peremende za Halloween. Maagizo yenye thamani ya takriban dola milioni 100 hayakufika kwa wakati, ingawa bidhaa zilikuwepo ghalani. Kampuni ya nishati ya National Grid nayo iliwasha tarehe 5 Novemba 2012 huko Marekani, wiki moja baada ya kimbunga Sandy, mafundi wake wakiwa bado nje usiku na mchana kurudisha umeme. Mishahara yenye saa za ziada za kila namna ikaingia kwenye mfumo mchanga. Kurekebisha kuligharimu takriban dola milioni 585.

Swali la kuuliza kikaoni si "tuko tayari?" kwa sababu kila mtu ataitikia. Uliza: "Tukiahirisha wiki sita tunapoteza kiasi gani, na tukiwasha kibaya tunapoteza kiasi gani?" Halafu uliza nani ataamua kurudi kwenye mfumo wa zamani, na hadi saa ngapi uamuzi huo unawezekana. Lisipokuwepo jina, hakuna mpango wa kurudi.

## Wagavi na wateja nao ni wadau?

Ndiyo. Ankara yao itabadilika sura, namba ya agizo itabadilika, na pengine watasubiri malipo wiki mbili za mwanzo. Waambieni mapema. Wagavi wakubwa walipwe kabla ya kuwasha. Benki na mamlaka ya kodi zipewe taarifa kama faili za malipo au muundo wa ankara unabadilika.

## Jedwali la majukumu lina faida, au ni karatasi nyingine tu?

Lina faida likijibu swali moja kwa kila uamuzi: nani anaamua. Safu nyingine, za nani anafanya, nani anaulizwa na nani anapewa taarifa, ni za adabu. Nimeona majedwali yenye mistari 200 ambapo kila uamuzi una waamuzi watatu. Jedwali la namna hiyo linapaswa kurudishwa kwa mwandishi wake. Mistari 30 inatosha, ikiwa kila mmoja una jina moja la mtu, si la cheo.

## Tufanye nini na mtu anayepinga?

Kwanza msikilizeni, kwa sababu mara nyingi ana haki. Mhasibu wa miaka 20 anayesema "hii haitafanya kazi mwisho wa mwaka" huenda ndiye pekee anayekumbuka mwisho wa mwaka unavyokuwa. Mpeni kazi ya kuandika visa vya majaribio. Hasira yake itawafaa.

Upinzani mwingine ni wa hofu ya kupoteza ajira, na huo hauponywi na semina. FoxMeyer, msambazaji mkubwa wa dawa wa Marekani aliyefilisika mwaka 1996, aliunganisha mradi wa ERP na mpango wa kufunga baadhi ya maghala yake. Wafanyakazi wa maghala walijua kinachowasubiri, ari ikafa, mizigo ikaharibika. Kulikuwa na makosa mengine makubwa, lakini hilo lilionekana kwa macho. Kama kazi zitapunguzwa, semeni zipi, lini na kwa masharti gani. Kama hazitapunguzwa, wekeni ahadi hiyo kwenye barua.

Wa tatu ni yule ambaye uwazi unamwondolea mwanya. Hatasema hivyo, atasema mfumo ni mgumu. Huyo ni wa mdhamini.

## Sisi ni kampuni ya watu 12. Tutawapata wapi wadau wote hao?

Kofia zitakuwa nyingi kuliko vichwa, na si vibaya. Mwenye kampuni ni mdhamini na pia mwenye mchakato wa mauzo. Mhasibu ni mwenye mchakato wa fedha, mtumiaji mkuu na msafisha data. Kofia mbili tu zisikae kichwa kimoja: anayeandaa malipo na anayeyaidhinisha. Msinunue moduli zote (sehemu za mfumo, kama ya stoo au ya mishahara) siku moja, na msibadilishe programu hata kidogo mwaka wa kwanza.

## Mfumo ukishawaka, timu ivunjwe lini?

Si kabla ya kufunga hesabu za miezi mitatu mfululizo, na ikiwezekana za mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza hufungwa kwa jasho, wa pili kwa mazoea ya zamani yanayojaribu kurudi kupitia lahajedwali za pembeni, wa tatu ndio unaonyesha kama mfumo umekaa.

Wenye michakato hawavunjwi kabisa. Kila ombi la mabadiliko, kila ripoti mpya na kila toleo jipya la programu litapita kwao. Mtumiaji mkuu akiondoka kazini, mrithi wake ateuliwe kabla hajakabidhi kitambulisho. Siku ya kuondoka kwa mshauri, mkuu wa TEHAMA abadilishe nywila zote za usimamizi, akishahakikisha yeye mwenyewe ameingia kwa mpya.